Mtoto Aliyekatazwa Kulia

Mgodini, Mpanda
14 Juni 1956

Dada yangu Specioza,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Bartolomeo na mwanangu Felista, ambaye sijamtia machoni tangu abatizwe. Sisi huku wazima. Shemeji yako Kasimiri bado anashuka chini ya ardhi kila asubuhi, na akitoka kope zake ni nyeupe kwa vumbi. Jirani yangu Theopista amejifungua pacha. Treni ya Tabora inakuja mara mbili kwa wiki. Tunaisikia ikipiga honi mbali sana ndani ya msitu wa miombo, kisha kimya, kisha honi tena, kama imepotea na inatuuliza njia.

Anayekuletea barua hii ni Dionizi wangu, mwanao. Ametimiza miaka kumi na saba. Naomba akae nanyi kwa muda. Amekuwa mkali kidogo, na nadhani hewa ya mgodini haimfai. Kulikuwa na ugomvi na mtoto wa watu, lakini wazee walikaa, yakaisha. Mpe kazi. Anakula kila kitu, na maneno hana.

Usimwulize mengi, dada.

Mimi mdogo wako,
Imakulata


Karema
5 Julai 1956

Mdogo wangu Imakulata,

Milele na milele, amina. Mtoto amefika. Alishuka kwenye gari la samaki akiwa na vumbi mpaka masikioni, akaniamkia, kisha akaenda moja kwa moja ziwani na nguo zake. Alisimama maji yakimfika kiunoni, akatazama ng'ambo mpaka nikaanza kuogopa.

Siku hizi nyika zinachomwa na moshi umelala juu ya ziwa. Milima ya Kongo haionekani siku nyingi, halafu asubuhi moja inatokea yote, karibu kama ya kushikwa, na ikifika saa nne imeyeyuka. Dionizi aliniuliza, "Mama mkubwa, ile ni nchi au wingu?" Nikamwambia ni nchi, wako watu. Akafikiri, akasema, "Basi na wao wanatuona sisi wingu."

Shemeji yako amemchukua kwenye kazi yake ya kuunda mitumbwi. Anasema kijana ana mkono mtulivu, mbao hazipasuki kwake. Felista anamfuata kutwa nzima akimwita kaka, naye anainamisha kichwa kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua pa kuiweka.

Lakini Silvesta, dereva wa gari la samaki, alinivuta pembeni. Anasema yule mtoto wa watu hasikii tena kwa sikio la kushoto. Anasema Dionizi alimpiga akiwa ameshaanguka, na mtoto hakumfanyia lolote, alikuwa akilia tu. Halafu juzi jirani alichinja mbuzi. Mbuzi alipopiga kelele, Dionizi aliziba masikio akakimbia hadi kwenye mawe, akarudi jioni.

Sikumwuliza, kama ulivyotaka. Nakuuliza wewe. Ni kweli anayosema Silvesta?

Bartolomeo anakusalimu.

Dada yako,
Specioza


Mpanda
22 Agosti 1956

Dada mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko salama. Huku miombo imeanza kutoa majani mapya, yale mekundu kabla mvua haijaja, na kila mwaka nasahau kwamba ni majani, nadhani msitu unaungua. Kanisa letu linaezekwa bati. Pacha wa Theopista wana afya, mmoja tu ndiye msumbufu. Nimepata kitambaa kizuri cha maua ya bluu, nitakuletea kipande Mungu akipenda.

Juzi nilijilaza kidogo baada ya kupika, nikaota nyumba yetu ya utotoni kule Usevya. Maji ya majaruba yalikuwa yameingia ndani mpaka kitandani, na mpunga umeota kati ya mafiga. Watoto walikuwa wamekaa ndani ya maji, vinywa wazi, wote, na hakuna sauti. Nilikwenda kwa kila mmoja nikamfunga kinywa kwa kidole, taratibu, kama unavyofunga macho ya marehemu. Nikaamka chakula kimeungua.

Kuhusu Silvesta, madereva wana maneno mengi.

Kasimiri anakusalimu. Hajui kama nakuandikia kwa urefu.

Imakulata


Karema
16 Septemba 1956

Imakulata,

Salamu za nyumbani zitasubiri. Felista amevunjika mkono. Dionizi ndiye aliyemvunja.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Nilikuwa kwenye uchaga nageuza samaki kwenye moshi, Felista akicheza karibu. Akakanyaga kaa la moto. Akalia kama mtoto yeyote angelia. Nilikuwa nageuka kumshika nilipomwona Dionizi anakuja kutoka kwenye mtumbwi, ubao mkononi. Hakukimbia. Akasema, "Nyamaza." Akasema tena, "Nyamaza, nyamaza," kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza. Felista akazidi. Ndipo akampiga kwa ule ubao, na mtoto akaweka mkono mbele ya uso wake, na nikausikia mfupa.

Nimewaona wanaume wenye hasira, na wewe umewaona. Uso ule haukuwa na hasira, mdogo wangu. Ulikuwa uso wa mtu anayekimbizwa.

Bartolomeo alimwangusha chini, na mimi nikambeba Felista hadi misheni. Sista amemfunga mabanzi. Niliporudi nilimkuta Dionizi amekaa nyuma ya mtumbwi ambao haujaisha, mchanga kwenye nywele. Nikakaa naye. Sikumpigia kelele, nguvu zilikuwa zimeniisha.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Alikuwa analia."

"Ameungua, mwanangu. Ungetaka afanye nini?"

"Akilia ataongezewa."

"Ataongezewa na nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa njiani. "Sijui, mama mkubwa. Mtu akilia mikono yangu inakwenda yenyewe. Nataka anyamaze kabla hajasikika."

"Kabla hajasikika na nani?"

Akaanza kuchimba mchanga kwa vidole, akachimba mpaka maji yakatokea.

Jumbe Gelasius alikuja. Watu wanataka kijana aondoke. Jumbe amesema atatupa muda hadi mvua ziishe, na tukishindwa tumwambie, atampeleka polisi hukohuko Mpanda. Bartolomeo amesema hamrudishi kwenye kazi mpaka ajue anamlea mtu gani.

Kwa hiyo nakuuliza sasa, na usiniletee habari za bati. Nyumbani kwako, nani alikuwa anasikia?

Specioza


Karema
4 Novemba 1956

Imakulata,

Silvesta amepita mara tatu bila barua yako. Anasema alikuona sokoni, ukageuka ukashika njia nyingine.

Dionizi analala kwenye kibanda cha nyavu. Anakula peke yake. Kila siku anafagia kuanzia mlangoni kwetu mpaka majini, na upepo unaurudisha mchanga, na anafagia tena.

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Barabara ikikatika hatutasikiana mpaka mwakani. Niandikie.

Specioza


Mpanda
12 Desemba 1956

Dada,

Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu nimezitia motoni.

Kasimiri si mlevi. Angekuwa mlevi ningekuwa na la kusema, ningeisingizia pombe. Ni mtu wa kazi, haibi, hakosi Misa. Alimpiga Dionizi tangu akiwa na miaka minne. Akimwaga maji, akichelewa kuitika, akikojoa kitandani. Alimpiga taratibu, kama mtu anayefanya kazi aliyoagizwa, kwa mkanda wake, akihesabu. Na alikuwa na sheria moja: mtoto akilia, anaanza upya.

Uliniuliza nani alikuwa anasikia. Ni yeye. Lakini hukuniuliza mimi nilikuwa wapi, nami nitakuambia kabla hujaniuliza. Nilikuwa nimemshika mikono.

Kasimiri aliniambia nimshike asije akajikinga akaumia vidole. Nikamshika. Nilipiga magoti mbele yake, mikono yake midogo ndani ya yangu, uso wake hapa mbele ya uso wangu, nikawa namnong'oneza, "Nyamaza mwanangu, nyamaza, ukilia anaanza upya." Niliona namwokoa. Siku alizonyamaza ilikwisha haraka, nikamshukuru Mungu, nikampikia uji.

Alipofika miaka tisa akaacha kulia kabisa. Hata alipong'olewa jino hakulia. Kasimiri akasema sasa amekuwa mwanaume. Na mimi nilifurahi, dada. Nyumba ilikuwa imetulia.

Siku ya yule mtoto wa watu nilikuwa naanua nguo. Mtoto alianguka kwenye kokoto, akalia. Dionizi akamwendea. Kabla hajampiga nilimsikia anamwambia, "Nyamaza, anaanza upya." Hapakuwa na mtu mwingine pale. Yalikuwa maneno yangu, na sauti ilikuwa yangu.

Nilimtoa huku kwa sababu sikuweza kumtazama. Hayo mengine ya hewa nilidanganya.

Kama utamsomea au hutamsomea, amua wewe.

Imakulata


Karema
3 Machi 1957

Mdogo wangu,

Barua yako ilikaa wiki saba ng'ambo ya mto uliokata barabara. Imenifikia karatasi imevimba, wino umetawanyika, lakini hakuna neno lililopotea.

Huku ziwa limepanda hadi kwenye mizizi ya michikichi. Asubuhi maji na mbingu ni rangi moja, na mtu akitembea ufukoni unaona kama anatembea hewani. Nimetembea sana humo nikikufikiria.

Yale maneno si yako, Imakulata. Ni yangu.

Hukumbuki, ulikuwa mdogo mno. Kule Usevya, nyuma ya kihenge cha mpunga, baba akikuita ili akupige, mimi nilikufikia kabla yake. Nilikuwekea ncha ya kanga mdomoni, nikakuambia uma hapa, usitoe sauti, akisikia ataongeza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikajiona mwerevu. Baba alipofariki hatukutoa chozi hata moja, na watu wakatusifu kwa uvumilivu.

Na nilipoolewa huku, baba angali hai, nilitembea siku tatu bila kugeuka. Ulikuwa umesimama mlangoni. Nilijua nakuacha na nani. Kila mwaka umeniandikia, na kila mwaka nimekujibu habari za samaki. Kwa hiyo usidhani nakuhukumu.

Nilimsomea Dionizi. Bartolomeo alikuwepo, nilitaka naye asikie. Nilisoma yote, hata pale pa mikono. Dionizi akauliza, "Mama ndiye ameandika mwenyewe?" Nikampa karatasi. Hakusoma, alipitisha kidole juu ya mistari mpaka chini, akanirudishia. Akasema, "Nilidhani nimeota." Bartolomeo akatoka nje, akakaa muda, kisha nikamsikia akimwita aje washike ubao.

Kwa jumbe Dionizi alisimama mwenyewe akasema, "Nilimpiga Felista, na nilimpiga yule wa Mpanda, na sijui kama sitapiga tena." Watu walinung'unika. Jumbe Gelasius akasema anayejua hilo anafaa kukaa kuliko anayeapa. Amempa kazi ya kutengeneza njia ya misheni mpaka kiangazi, na kila asubuhi amsalimie Felista kwa mbali, asisogee mpaka mtoto mwenyewe amwite.

Mkono wa Felista umepona, umepinda kidogo. Hajamwita. Akimwona anajificha nyuma ya sketi yangu.

Sitaki kukupambia mambo. Mwezi uliopita Dionizi alimrushia mbwa wa jirani rungu kwa kuwa alikuwa akilia mlangoni, akamvunja mguu. Lakini juzi Felista alijikwaa, akalia, na Dionizi alikuwa hatua kumi tu. Niliona mikono yake ikianza. Akageuka, akaingia ziwani mpaka kifuani, akasimama huko mpaka mtoto alipomaliza.

Specioza


Mpanda
6 Mei 1957

Dada,

Kasimiri ameiona barua yako. Aliisoma amesimama, akaikunja vizuri, akairudisha nilipokuwa nimeificha. Hakunigusa. Ameomba ruhusa kazini. Anasema hawezi kusemwa Karema kama mnyama, na anakuja kumchukua mwanawe.

Anasafiri na gari la leo. Barua hii nimempa Silvesta aifiche kwenye kofia. Watakuja pamoja, barua na yeye.

Mwambie Dionizi... sijui umwambie nini.

Imakulata


Karema
19 Mei 1957

Imakulata,

Silvesta alinipa barua yako nyuma ya gari wakati mumeo anashuka upande wa pili. Sikupata nafasi ya kumwonya mtu.

Ilikuwa asubuhi, milima ya Kongo iko wazi, ziwa limelala bila mkunjo. Nilimkaribisha shemeji kiti, akakataa. Nilimkaribisha maji, akakataa. Akaenda moja kwa moja penye mtumbwi. Bartolomeo alikuwa anachonga, Dionizi ameshika upande wa pili. Mwanao amemzidi baba yake kwa kichwa kizima sasa. Nadhani Kasimiri hakutegemea.

"Panda gari," akamwambia.

"Shikamoo, baba."

"Nimesema panda gari."

"Hapana, baba. Nakaa."

Kasimiri akafungua mkanda. Hapo ndipo nilipomwona Dionizi akiitazama tezo yenye makali, ya kuchongea mitumbwi, iliyolala mchangani kati yao. Aliitazama muda mrefu. Sote tuliiona, na hakuna aliyethubutu kuinama aichukue. Nilijua tukimzika Kasimiri siku ile, nitakuwa nimechangia.

Dionizi akaisukuma kwa mguu mpaka kwa Bartolomeo. Akaweka mikono nyuma, akajishika mwenyewe.

Kasimiri akampiga. Akampiga mara ya pili. Bartolomeo alikuwa anainuka. Na mara ya tatu Dionizi akafungua kinywa, akalia.

Sijui nikuandikie vipi kilio kile. Kijana wa miaka kumi na minane, mabega ya mbeba magogo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa miaka minne. Ilikwenda juu ya maji, ikagonga mawe, ikarudi. Wanawake wakaacha samaki. Waliokuwa majini wakageuza makasia. Watu wakatoka kwenye kila mlango, wakaja wakasimama kutuzunguka.

Kasimiri akasema, kwa sauti ya chini sana, "Ukilia naanza upya." Na kila mtu akasikia.

Dionizi akaendelea kulia. Mumeo aliinua mkanda, akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyepoteza hesabu na anatafuta wa kumkumbusha. Kisha mkono ukashuka. Akajaribu kuuvaa mkanda, vidole havikuona tundu. Akaenda akakaa ndani ya gari, mlango umefungwa, jua lote lile.

Nilimpelekea maji. Safari hii akayapokea. Akasema, "Na mimi nilipigwa, shemeji."

"Najua," nikamwambia.

"Sikufa."

"Hapana. Hukufa."

Akanirudishia kikombe. Saa nane gari liliondoka naye. Dionizi alikuwa bado amekaa mchangani, macho yamevimba, Bartolomeo pembeni yake anachonga polepole. Felista alitazama yote akiwa mlangoni. Hajamwita bado. Nadhani haitakuwa mwaka huu.

Kuna chumba upande wa jikoni, nimekifagia. Sitakuambia uje, maana nimekwisha kukuambia mengi ya kufanya maishani mwako na unajua yalikotufikisha. Nakuambia tu kwamba kipo.

Specioza


Mpanda
3 Juni 1957

Dada yangu,

Kasimiri amerudi. Anakwenda kazini, anakula, analala. Jana aliniuliza kama Dionizi amekuwa mrefu siku nyingi. Nikamwambia ndiyo, siku nyingi.

Barua yako niliisoma nje, kwenye jiwe la kufulia. Nilipofika penye kilio nikatafuta kanga niume, na mkono ukaniganda njiani. Nikalia, dada. Nililia kwa sauti, mchana kweupe, na kambi nzima iko macho. Theopista alikuja mbio, pacha mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akidhani nimefiwa.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna.

"Basi lia," akasema. Akamshusha mtoto, akakaa juu ya jiwe pamoja nami, na hakuniambia ninyamaze.

Nakuja na gari la Jumamosi.

Imakulata